Hatua ya Korongo Ulingoni

Baba yangu ni fundi wa mitumbwi ambaye amefundisha kung fu kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijui katika kazi hizo mbili ni ipi anayoionea fahari zaidi. Ukiusifu mtumbwi wake atakuonyesha mahali alipokosea. Ukilisifu teke lake atanyamaza, atajifuta mikono kwenye suruali, kisha atakuomba ulipige wewe ili aone kama uliangalia vizuri. Mimi ni mtoto wake wa tatu kati ya sita, na ndimi pekee niliyekubali kusimama nimekunja magoti mpaka mapaja yatetemeke. Ndugu zangu walisema hawana ugomvi na mtu. Mimi nilikuwa nao wa kutosha, na mama alifurahi kuona nimepata mahali pa kuupeleka.

Tulianzia Pweto, upande wa Kongo, ufukweni mwa ziwa, pale baba alipokuwa akichonga na kuziba mitumbwi. Jioni aliweka chini tezo lake la kuchongea, akasogeza mbao kando, na wanafunzi wakaja, wengi wao wavuvi, tukajipanga mchangani tumelipa ziwa mgongo. Mchanga wa pale ni laini na mzito, mguu unazama mpaka kwenye kifundo. Baba mwenyewe alifundishwa pale pale na mtu aliyetoka Lubumbashi, ambaye naye, kwa maelezo ya baba, alifundishwa na Mchina wa kweli aliyekuja kujenga barabara. Kila hadithi ilipofika kwa yule Mchina wa kweli, mama alishikwa na kikohozi.

Tulikuwa na desturi ya salamu. Kabla ya somo na baada yake, mdogo humsalimu mkubwa kwanza: ngumi ya kulia inaingia katika kiganja cha kushoto, kichwa kinainama, ndipo mkubwa anajibu. Ukubwa wenyewe hautokani na umri bali na mkanda, yaani nani ametangulia kujifunza. Wanaume wazima wenye nyavu zao na watoto wao walinisalimu mimi kwanza, msichana wa miaka kumi na sita, na nakiri kwamba nililipenda jambo hilo kupita kiasi. Baba hakuwahi kumsalimu mtu kwanza. Mwalimu wake alikuwa ameshafariki, hakubaki aliyemtangulia. Uwanjani nilimwita maître, yaani mwalimu, kama wengine wote, nyumbani alikuwa papa, na sikuwahi kuchanganya.

Kitu alichokithamini kuliko vyote kilikuwa hatua ya korongo. Katika kung fu yetu huendi mbele hivi hivi. Kwanza unainua goti mpaka usawa wa mkanda, unalishikilia kidogo, halafu unashusha mguu ukitanguliza vidole. Kila hatua ni hivyo, mbele na nyuma. Ukitutazama tukiwa ishirini tunatembea pamoja, magoti yanapanda na kushuka, hakika tulipendeza. Baba alichonga kibao cha klabu chenye korongo aliyesimama kwa mguu mmoja, na vita vilipotufukuza tukavuka kuja Zambia, kibao kile kilikuja kimefungwa ndani ya blanketi wakati masufuria mazuri yalibaki.

Mantapala, kambini tulikopelekwa, ziwa liko mbali. Baba alipopewa shamba kama wakimbizi wengine, alipanda mihogo, na tezo lake likaanza kuchonga milango na vitanda. Uwanja tuliutengeneza kati ya mihogo yetu na ya jirani. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa wiki nzima mpaka ukawa mgumu kama sakafu ya kanisa. Tukatundika kibao, wanafunzi wakaja, na juu ya udongo ule mgumu tuliendelea kuinua magoti kama kawaida. Wapya waliuliza kwa nini. Baba aliwaambia ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mimi niliwahi kuuliza nikiwa mdogo, nikajibiwa kwa kuchuchumaa mara hamsini, kwa hiyo sikuuliza tena.

Kisha pakatokea ndondi. Mjini Nchelenge kulikuwa na kocha mmoja, mwanajeshi mstaafu, aliyefungua mazoezi karibu na soko, na vijana wetu wenye baiskeli wakaanza kwenda. Mwanzoni walienda Jumamosi tu. Baadaye Jumamosi ikawa na ndugu zake. Kutoka ishirini tukabaki wanne, nikiwemo mimi na mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kupunguza kitambi. Mwanafunzi mmoja wa zamani alipita kutusalimu akiwa na jicho jeusi na furaha tele. Akamwambia baba, kwa heshima zote, kwamba kule mtu anapigwa kweli ndipo anajua anachokijua. Akaongeza kwamba kung fu inafaa sana kwa picha.

Baba alienda akachukua randa, akaanza kulainisha mlango ambao alikuwa ameshaulainisha jana. Nilimtazama mgongo wake ukienda na kurudi, na damu ikanichemka. Mdomo wangu una tabia ya kunitangulia. Nilimwambia yule kijana, mbele ya wote, kwamba ziwa likifungwa nitakuja ulingoni kwao na kung fu hii hii, na aje na simu yake apige hizo picha.

Ziwa likifungwa, maana yake ni miezi ya mvua ambapo uvuvi unasimamishwa ili samaki wazae. Nyavu zinaanikwa, wavuvi wanarudi kutoka Kilwa, kisiwa cha ziwa letu, na visiwa vingine, na mji unajaa watu wenye nguvu wasio na kazi. Ndiyo maana kocha aliweka mapambano yake wakati huo. Nilikuwa nimesema bila kufikiri, lakini kila mtu alikuwa amesikia.

Baba alinisubiri mpaka kesho yake asubuhi, tukiwa tunapalilia. Hakunigombeza. Aliegemea jembe akaniambia, "Mama, kama unaingia, ingia na yetu yote. Usiende kukopa ya batu bengine. Na kama iko ya bure, mimi njo nitafunga klabu. Kibao nitapasua kuni." Kwetu baba humwita binti yake mama, na kwa sauti ile ile ya upole aliniita hivyo huku akiniwekea mezani maisha yake yote. Nilitaka kumwambia kwamba sikumaanisha, kwamba nilikuwa na hasira tu. Lakini alikuwa ameshainama kwenye magugu yake.

Nililala vibaya wiki ile. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na mtu wa amani, aliniuliza kama inawezekana kushindwa kwa staha, bila kupoteza meno. Nikamjibu kwamba staha ndiyo iliyonileta hapa. Alinishonea kaptura nzuri ya bluu na hakuuliza tena.

Nilienda kwa kocha kujiandikisha. Alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, aliongea Kibemba na Kiingereza, na Kiswahili cha sokoni alipolazimika. Alinisikiliza bila kucheka, jambo lililonishangaza. Akasema ataniruhusu nitumie mateke juu ya kiuno. Viwiko hapana, kukamata hapana, kupiga koo hapana, macho hapana, magoti hapana. Nikamwuliza kuhusu kidole cha nge, ambacho ndicho baba anachowawekea wanafunzi wa miaka ya mwisho tu. Kocha akanivalisha glavu mikononi, akaifunga kamba vizuri, akaniambia nimwonyeshe hicho kidole. Nilitazama zile glavu nikaona nusu ya elimu yetu imefungiwa mle ndani: makucha ya chui, mdomo wa nyoka, kidole cha nge, wote wamelala pamoja gizani. Nilicheka mwenyewe njia nzima kurudi nyumbani, kicheko kisicho na furaha sana.

Kilichobaki kilikuwa mateke, ngumi, hatua ya korongo, na mkono tunaouita mkono wa maji. Huo ni rahisi kuueleza. Mtu akikurushia ngumi hulipi nguvu kwa nguvu, unaipiga kofi dogo kwenda chini, kama mtu anayefunika sufuria, na kabla hajauinua tena mkono wake, mkono wako mwingine umeshafika kwake. Baba alinifanyisha mkono ule kwa wiki sita. Alisimama mbele yangu na mito miwili ya kitanda mikononi, akanirushia, nikafunika, nikaingia, na kila nilipoingia niliinua goti kwanza. Hata mara moja hakuna aliyeliona lile goti. Mtu haoni pua yake mwenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mvua imenyesha alfajiri ikakatika. Ulingo ulijengwa kwenye uwanja mmoja mjini: mbao zimepangwa juu ya mapipa, turubai limevutwa juu yake, na kamba zilikuwa kamba za nyavu zilizosokotwa tatu tatu. Baba aliuzunguka mara mbili kabla hajamsalimu mtu. Akachungulia chini, akagonga mbao kwa vidole, akaniambia aliyeziunga zile mbao hajawahi kuunga kitu kinachoelea. Alikataa kiti alichopewa kwenye kona yangu. Alichuchumaa pale chini, macho yake usawa wa turubai, awe tayari ubao ukifunguka. Nilijua ni uoga tu unaotafuta kazi ya kufanya, kwa sababu na mimi nilikuwa na wa kwangu.

Mpinzani wangu alikuwa dada mmoja, muuza samaki wa Kashikishi, mdogo kwangu kwa miaka kama minane. Ziwa likiwa wazi hubeba kreti za samaki kutoka mitumbwini mpaka sokoni tangu asubuhi, na mabega yake yalieleza hivyo bila msaada. Ziwa lilipofungwa hakuwa na la kufanya ila mazoezi. Alinisalimu vizuri, akaniita bamayo, yaani mama, kama wanavyosema Wabemba kwa heshima. Sikufurahia heshima ile wakati ule. Nilikunja ngumi ndani ya glavu, nikaipeleka kwenye kiganja kilichokuwa ndani ya glavu nyingine, nikainama. Watu walipiga makofi na wengine walicheka, na yule kijana wangu wa picha alikuwa mstari wa mbele na simu yake.

Kengele ilikuwa kipande cha rimu ya gari. Ilipolia niliinua goti langu mpaka usawa wa mkanda, vizuri kabisa, nikalishikilia kidogo, na ngumi ikanifika puani.

Nilidhani ni bahati. Nikainua tena, ikanifika tena, mahali pale pale. Nikajaribu kurudi nyuma. Korongo hurudi nyuma namna ile ile anavyokwenda mbele, kwa hiyo niliinua goti na huku nimesimama kwa mguu mmoja yule dada akanisukuma kwa ngumi ya kifua, nikaenda mpaka kwenye kamba. Kamba za nyavu zinanuka samaki hata ziwa likiwa limefungwa. Teke langu la kwanza lilimgusa bega, na aliniangalia kama mtu aliyeguswa sokoni na mtu anayetaka kupita. Mkono wa maji haukupata hata nafasi ya kutoka, maana kabla sijaufikia umbali wake nilikuwa nimeshapigwa. Kila nilipotaka kwenda, alijua kabla yangu. Nilisikia watu wakihesabu kwa sauti kila goti lilipopanda, wakicheka, na mle ndani ya kicheko nikasikia waliokuwa wanafunzi wetu wakicheka pia.

Sikuumia sana, nasema kweli. Kilichoniuma ni kibao. Kila ngumi iliyoingia niliona baba akikitoa ukutani, akikilaza juu ya gogo, akitafuta mwelekeo wa nyuzi za mti kama anavyofanya kabla ya kupasua kitu. Nilikuwa nikimwangusha baba yangu mbele ya mji mzima kwa sababu ya mdomo wangu, na sikujua la kufanya ila kuinua goti tena.

Rimu ikalia. Nilikaa kwenye kona, damu ikinidondoka puani, na nilitarajia aniambie niinue mikono vizuri, au nipumue, au tumalize hapa. Baba hakunitazama usoni. Alikuwa bado amechuchumaa, anatazama miguu yangu juu ya turubai, uso wake umekunjamana. Akanyoosha mkono kupitia chini ya kamba, akanishika kifundo cha mguu, akaukandamiza mguu wangu chini kwenye ubao kama anayejaribu kama msumari umeingia. Aliukandamiza mara mbili. Halafu akasema, polepole, "Usinyanyue tena muguu. Hapa hakuna muchanga."

Sikumwelewa mara moja. Nilimwambia, "Maître, ni korongo."

"Nasikia," akasema. "Lakini hapa hakuna muchanga."

Ndipo nikaelewa. Tuliinua magoti kwa sababu Pweto usipoinua goti mguu hautoki mchangani. Ndivyo tu. Yule mtu wa Lubumbashi alifika ufukweni akazama kama kila mtu, akaanza kuinua miguu, na baba, kijana mwenye heshima, akajifunza kila kitu alichokiona. Akatufundisha sisi. Tukaubeba mchanga wa Pweto mpaka Mantapala, juu ya udongo mgumu tulioukanyaga kwa miguu yetu wenyewe, na miaka yote hiyo tulidhani tumebeba Uchina. Na aliyeligundua jambo hilo, na akalitamka kwa mdomo wake, mbele ya umati, wakati angeweza kunyamaza na kusingizia glavu, alikuwa yeye.

Rimu ikalia tena. Nilikwenda mbele bila kuinua kitu. Mguu ulitambaa juu ya turubai kama wa mtu anayetafuta ndala zake chini ya kitanda. Yule dada alisubiri goti, sikumpa goti, na akarusha ngumi kwa kuchelewa. Nikaifunika. Kofi dogo, chini, na mkono wangu wa kulia ukafika kwenye shavu lake bila kupiga hodi.

Naweza kuisikia sauti ile mpaka leo. Haikuwa kubwa, lakini alirudi hatua moja, na hakuwa amerudi hata moja tangu mwanzo. Akarusha nyingine nikafunika tena. Siyo kila mara, maana yeye si mjinga, na alinilipa vya kutosha mbavuni. Lakini mkono wa maji ulikuwa unafanya kazi. Wiki sita za mito, miaka kumi na minane ya jioni za ufukweni na za mihogoni, yote ilikuwa imejaa mle mkononi, hai kabisa, ikisubiri mguu uache kuitangaza. Nilisikia furaha ambayo sijui kuieleza vizuri. Ni kama kurudi nyumbani ukakuta ufunguo unaingia. Katika raundi ya tatu nilikuwa natabasamu na damu kwenye meno, na yule dada naye alikuwa anatabasamu, na hakuna aliyekuwa anahesabu magoti.

Nilishindwa. Naliandika wazi ili mtu asije akanisema. Raundi ya kwanza ilikuwa mbaya mno, na waamuzi wawili kati ya watatu waliikumbuka. Kocha aliinua mkono wa muuza samaki na watu wakashangilia, nami nilishangilia pia, kwa hasira kidogo. Yeye akanikumbatia, akaniambia kwa Kiswahili chake cha biashara, "Bamayo, ule mukono ya pili sikuiona. Utanionyesha?" Nikamwambia aje Mantapala, lakini ajue kwamba kwetu mdogo husalimu kwanza. Akasema hana shida na hilo, na kwamba na yeye ana kitu cha kunionyesha kuhusu kidevu changu.

Tulirudi kwa lori, tumekaa juu ya magunia. Nilikuwa na mengi ya kusema na kwa mara moja maishani mdomo wangu ulikosa pa kuanzia. Baba aliangalia barabara muda wote. Mara moja tu alinyoosha mguu wake mbele yake, akaushusha, akautazama, kisha akaurudisha chini ya gunia. Nilijua ninachokiogopa. Aliniambia atafunga kama ni ya bure, na nilikuwa nimeona mwenyewe uso wake pale kona. Kwa mtu mwenye fahari kama yake, kukosea kwa miaka thelathini ni sababu ya kutosha. Nilipofika nyumbani mume wangu alinihesabia meno, akaridhika, akaniletea maji ya moto. Jumapili mchungaji alilitazama jicho langu lililovimba kwa muda mrefu kisha akahubiri juu ya upole, na nilihisi mahubiri yale yalikuwa na anwani.

Jumatatu alasiri nilienda uwanjani mapema, ili kama kibao hakipo nijue peke yangu kabla ya wengine. Kibao kilikuwepo. Baba naye alikuwepo, peke yake, amevua viatu. Nilisimama kwenye mihogo nikamtazama. Alikuwa anafanya umbo letu la kwanza kabisa, yaani mfululizo wa hatua na ngumi wa wanaoanza, na alikuwa anajaribu kulifanya bila kuinua goti. Hakuweza. Hatua mbili zilienda sawa, ya tatu goti likapanda lenyewe. Akasimama, akarudi mwanzo. Hatua tatu, goti likapanda. Akarudi mwanzo. Nilimwonea huruma, maana sijawahi kumwona baba yangu akishindwa na kitu chochote kinachofanywa kwa mwili.

Aliniona. Hakuaibika, au hakutaka nione. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Miaka yote ile nilikuwa nafundisha batu muchanga."

Nikamjibu, "Papa, mukono haiko muchanga. Uliona mwenyewe." Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kumwambia, na nililisema taratibu, bila mdomo kunitangulia.

Alilifikiria. Nikamwuliza, kwa kuwa nilishindwa kujizuia, kama sasa tumfute korongo kwenye kibao. Akageuka akamtazama yule ndege wake, mguu mmoja juu, shingo imepinda vizuri. "Muache," akasema. "Ule anasimama mu maji. Yeye iko na sababu."

Wanafunzi wakafika, yule mama wa kitambi na wengine wawili. Nyuma yao kulikuwa na vijana watatu wa zamani na baiskeli zao, waliosimama mbali kidogo wakijifanya wamepita tu. Mmoja alikuwa yule wa simu. Tukajipanga kama kawaida, mimi mbele upande wa kulia, na tukasubiri baba aende mahali pake ili tumsalimu. Hakwenda. Alikuja akasimama kwenye mstari wetu, mwisho kabisa, baada ya yule mama, na akanionyesha kwa kidevu mahali pa mwalimu. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha tena. Nikaenda, kwa sababu uwanjani maître akikuonyesha mahali unaenda, nikageuka nikawatazama.

Baba akawaambia wengine kwamba kuna hatua mpya, kwamba ni ya chini, na kwamba yeye mwenyewe bado haijui. Akasema katika hatua hiyo binti yake ametangulia. Akaunganisha visigino, akaipeleka ngumi yake ya kulia, ile yenye kovu la tezo, ndani ya kiganja cha kushoto, na akainamisha kichwa mbele yangu. Kwanza. Kabla yangu.

Miaka yote hii nimesalimiwa na wavuvi, na wauguzi, na askari mmoja, na najua cha kufanya kuliko ninavyojua jina langu. Mikono yangu ilining'inia. Niliona mvi za kisogoni mwake, sikuwahi kuziona kutoka upande ule, na sikuweza kuinua kitu. Wale vijana wa baiskeli walikuwa wameacha kujifanya wamepita. Baba alibaki ameinama, anasubiri, kisha akasema kwa sauti ya chini bila kuinua kichwa, "Jibu, mama. Mugongo inaniuma."

Nikajibu.